Ala Iliyong'aa kwa Samli

Goma, Jumanne, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Amisi,

Salamu zangu utazipokea kesho alfajiri mlangoni, kwa mkono wangu, mbele ya mama yako, sizirudii hapa. Barua hii nimeifunga kwa uzi, nami nitakupa pamoja na kifurushi cha kitambaa. Usiifungue ndani ya lori. Ifungue mjini Kiwanja, dereva atakaposhuka kushusha chumvi na kupakia maharagwe. Pale utapata muda wa kutosha, na kuna ukuta wa duka unaotoa kivuli upande wa barabara. Nakijua kivuli kile. Nitakuambia mbele nilivyokijua.

Mambo ya blanketi, ya maji ya kuchemsha na ya karatasi ya ruhusa mama yako ameyasema tangu wiki iliyopita, na bado anayasema huko uani ninapoandika. Kuhusu kuchinja sina la kuongeza. Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Sikukuambia hili hata siku moja, kwa sababu niliogopa kwamba ukilijua utaacha kunisikiliza.

Naandika kwa sababu ya maneno uliyoyasema jana.

Jana mchana ulikuwa umesimama kwenye baraza ya fundi cherehani pamoja na wenzako, nami nilikuwa natoka msikitini. Hukuniona. Mmoja wao alikuuliza, "Amisi, kule Bunagana unaenda kwa nani?"

Ukajibu, "Kwa Mikono ya Samli! Yule muzee mwenye aliachilia ngombe ya Idi. Lakini kamba nitakamata mimi. Yeye nitamupa sahani akamate."

Wakacheka. Mwingine akashuka barazani, akatembea akichechemea, mguu mmoja akiuburuta kwenye mchanga mweusi, akipiga kelele, "Imeniponyoka! Imeniponyoka!" Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa wewe.

Mimi nilipita. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na mitano, Amisi. Nilipita.

Wiki mbili zilizopita yule dereva wa lori alikuja hapa nyumbani, akasimama uani na kofia mkononi, akatuletea ujumbe. Ulikuwapo. Alisema, "Mwalimu, Muzee Sefu wa Bunagana anakusalimia. Anasema umutume mutoto wako awe muchinjaji wetu, maana yule tuko naye amezeeka, mikono inatetemeka. Aje na kisu. Ala asilete. Ala atamushonea yeye mwenyewe."

Uliniuliza, "Papa, kwa nini hataki nilete ala?"

Nikakujibu kwamba ngozi ya Bunagana ni nzuri, inatoka upande wa Uganda. Ulikubali palepale, ukaenda kula. Umenikubali hivyo tangu ulipojua kusema, na hilo ndilo linalonichoma. Jibu lile lilikuwa uongo. Jibu la kweli ni barua hii.

Unajua kwa nini sisi wachinjaji hubeba kisu mfukoni, ndani ya ala, wakati wenye duka la nyama hukibeba kiunoni, watu wote wakione. Mnyama asionyeshwe kisu, wala kisu kisinolewe mbele yake. Nilikufundisha hivyo kabla hujamaliza kukariri sura fupi. Mkono wa kushoto unainua taya na kunyoosha shingo. Mkono wa kulia unaingia mfukoni peke yake, bila macho kuufuata, na kutoka na kisu kitupu. Ala inabaki ndani. Kazi yote imesimama juu ya jambo hilo dogo, kwamba ala ibaki. Mkono wa pili haupo wa kuishika. Kwa hiyo ala lazima iushike mfuko kwa nguvu kuliko inavyokishika kisu. Ukipindua hesabu hiyo, kisu kitatoka kimevaa ala yake, mbele ya jicho la mnyama.

Niliijua hesabu hiyo kabla hujazaliwa. Aliyenieleza alikuwa Sefu.

Humkumbuki Sefu. Wewe unalikumbuka jina la utani tu. Tulitoka naye Maniema tukiwa vijana, kwa miguu, tukilala msikiti hadi msikiti. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua Kurani, nilijua kuandika kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu, na watu wa Goma wakaniita Mwalimu kabla sijafungua begi. Yeye hakujua hata alifu. Lakini kamba aliijua. Fahali la Masisi lenye pembe za kufumbata mlango alilizungumzisha, akalizunguka mara mbili, na kabla hujamaliza kusema bismillahi lilikuwa limelala upande wa kushoto likitazama kibla, kama mtu aliyeombwa kulala. Siku ya kutahiriwa kwako ndiye aliyekushika magoti. Ulimng'ata kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kovu analo, mtazame utakapompa mkono.

Wakati huo nilikuwa na ala ambayo watu walikuja kuitazama. Fundi wa Maniema alinishonea kwa ngozi ya mbuzi, upande wa manyoya nje, manyoya yenyewe yamenyolewa, nami kila Alhamisi niliipaka samli ya wafugaji na kuisugua kwa kitambaa cha pamba mpaka ikang'aa. Ungeweza kujiona uso ndani yake. Nilijiona mara nyingi.

Siku moja, tukiwa wengi pale machinjioni tunasubiri ng'ombe, Sefu aliichukua mkononi, akaigeuza, akaitelezesha mfukoni mwake na kuitoa, akaitelezesha tena.

"Mwalimu," akasema, "hii ala yako inateleza kama samaki. Siku moja itatoka na kisu. Weka mupira. Niko na shambriyeri ya baiskeli imepasuka. Nitakukatia kipande ya mupira, uvalishe huku na huku."

Wenzetu walikuwa wanasikiliza. Nikamjibu, "Kipande cha mpira."

"Nini?"

"Husemi 'kipande ya mupira.' Unasema 'kipande cha mpira.'"

Watu wakacheka. Sefu naye akacheka, kwa sababu alikuwa mtu mwema, akasema, "Haya, Mwalimu. Cha. Lakini uweke."

Kesho yake akaja na ule mpira wa ndani wa baiskeli, umeoshwa, akautundika kwenye msumari wa mlango wangu bila kubisha.

Sikuuweka. Nilijipa sababu, na sababu yenyewe ilikuwa nzito. Wasikilize waongo wasomi, hawakosi sababu nzito. Babu yako, ambaye hukumwona, alipelekwa msituni kwa amri ya Wazungu kutafuta mpira. Yeye na wenzake hawakupewa vyombo. Utomvu waliupaka kifuani na mikononi mpaka ukakauka, kisha wakaubandua pamoja na nywele na mahali pengine pamoja na ngozi. Kifua cha baba yangu kilikuwa na mabaka laini yasiyoota kitu mpaka tulipomwosha kumzika. Alipoona baiskeli ya kwanza alitema mate njiani. Basi mimi nikasema moyoni: mpira hautaingia mfukoni mwangu, kwa heshima ya baba yangu.

Ni uongo. Nilijificha nyuma ya kifua cha marehemu. Sababu yenyewe ni kwamba asiyejua alifu alinifundisha kazi yangu mbele ya watu, na alikuwa amesema kweli.

Ikaja Idi ya kuchinja. Mama yako alinishonea kanzu mpya ya kitambaa laini, akaitia wanga na kuipiga pasi, na mfuko wake ukawa wa kuteleza kama bati. Alhamisi ilikuwa imepita juzi tu. Ala ilikuwa na samli yake. Tulisali uwanjani, kisha tukaenda penye mawe meusi juu ya ziwa, watu wote na watoto wao. Wewe ulikuwa na miaka mitano, juu ya bega la mjomba wako. Ng'ombe alikuwa mkubwa, wa rangi ya majivu. Sefu alimlaza. Mtu mmoja akashika pembe. Sefu akaketi nyuma, kamba ya miguu ameizungusha viganjani mara mbili, kisigino amekikaza kwenye jiwe.

Nikainua taya. Nikaingiza mkono mfukoni. Nikavuta.

Ala ilitoka na kisu.

Nimekwisha kuiandika. Nilidhani kalamu itakataa.

Nilikuwa nimeshika kisu chenye ala, karibu na jicho la mnyama, na watu mia wananitazama mgongoni. Ningalirudisha mkono mfukoni, nikaanza upya. Ningalisema tu, "Subirini." Lakini Mwalimu hasemi subirini. Nilikikung'uta kisu ili ala ianguke. Ikaruka, ikagonga jiwe, na jua likayapiga makali ya kisu. Ng'ombe aliliona hilo. Akajipinda mwili mzima. Mtu wa pembe akatupwa. Kamba ikapita viganjani mwa Sefu. Nilimwona anaing'ang'ania, nikaona damu kwenye kamba, kisha mguu mmoja wa nyuma ukafunguka na kumpiga goti, na nyuma ya goti kulikuwa na jiwe.

Ng'ombe aliinuka akateremka mpaka ziwani, akasimama ndani ya maji hadi tumboni. Watoto wakapiga vigelegele. Mzungu mmoja wa nyumba ya karibu alitoka barazani kwake na kikombe chake, akacheka peke yake. Watu wote walimkimbilia ng'ombe au walimwinamia Sefu. Katika muda huo mfupi, mimi nilifanya nini? Niliinama nikaiokota ala. Nikaifuta. Nikairudisha mfukoni.

Nilipoinua kichwa, Sefu alikuwa ananitazama. Amelala chali, goti limegeuka upande usio wake, na macho yake yako mfukoni mwangu.

Mzee wa msikiti alikuja akanishika mkono. "Mwalimu, sema wewe. Nini imetokea?"

Nikasema, "Kamba ilikuwa mkononi mwa Sefu."

Maneno manne tu baada ya kamba, na hakuna hata moja la uongo. Mtu yeyote angeweza kuyaapia. Nimefundisha watoto wa mji huu insha na kuandika barua, na sijapata kutunga sentensi iliyofanya kazi yake vizuri kuliko ile.

Mtu mmoja akauliza, "Kamba ya katani inaponyokaje mutu kama Sefu?" Na mwingine akajibu, "Labda alikula pilau mbele ya sala, mikono ikabaki na samli." Wakacheka. Wakanitazama kuona kama inafaa kucheka siku kama ile. Nami, Amisi, nilitabasamu. Jina lile lilizaliwa pale. Sikulitunga, lakini nililifungulia mlango likapita.

Walimbeba Sefu juu ya mlango walioung'oa. Siku ya tatu nilikwenda kumwona kwa dada yake, na sukari na majani ya chai. Alikuwa amefungwa vijiti gotini na vitambaa viganjani.

"Mwalimu, uliiona?"

"Niliona nini?"

"Ala."

Nikamwambia, "Ulipigwa kichwa, Sefu. Pumzika."

Akacheka kidogo. "Mimi nilipigwa goti. Kichwa iko muzima." Kisha akageukia ukuta. "Weka sukari pale. Asante."

Hakulitaja tena jambo hilo, kwangu wala kwa mtu mwingine. Angelitaja, nani angemsikiliza? Neno lake na neno langu. Goti lilipona limepinda. Wenye ng'ombe hawakumpa tena kamba. Walimpa kuosha matumbo, na watoto wakampita wakisugua viganja vyao kama wanaojipaka mafuta. Miezi michache baadaye alipanda lori la Bunagana. Hakuniaga. Mama yako alilia, akaniuliza, "Baba Amisi, mumegombana?" Nikamjibu kwamba hatukugombana. Hilo pia lilikuwa kweli.

Sasa nikuambie habari za pete za mpira kwenye ala yako.

Baada ya Sefu kuondoka niliogopa mfuko wangu mwenyewe. Kila nilipoingiza mkono nilisikia ile ala ikigonga jiwe. Nikaanza kutafuta dawa kwa siri, chochote, mradi si mpira. Nilishona ala ya pili, upande wa nyama nje, ule wenye nyuzinyuzi za kukwaruza. Ilishika vizuri mwezi mmoja, kisha jasho likaisugua ikawa laini kama ya kwanza. Niliizungushia gunia, likatoa nyuzi, nyuzi zikaingia mdomoni mwa ala na kushikana na kisu. Nilipaka nta, ikayeyuka kwa joto la paja na kukusanya takataka zote za mfukoni. Nilipaka ulimbo wa mti. Huo ulishika mno, nikararua mfuko mbele ya wenye mbuzi. Nikabandika msasa, ule wa maseremala. Msasa haukuteleza hata kidogo. Ulikula mfuko kimyakimya, na siku moja ala na kisu chake vilipita kwenye tundu vikaanguka miguuni mwangu sokoni. Mama yako aliushona mfuko ule mara saba. Hakuuliza.

Kile kipande cha mpira kilikuwa bado kwenye msumari, pale Sefu alipokitundika. Vumbi limekishika. Nilifunga mlango, nikakata pete mbili, upana wa kidole kila moja. Nilikosea kwanza: ndani ya mpira ule mna unga mweupe, na usipouosha kwa sabuni unateleza kuliko ngozi. Nilikosea tena: nilivalisha mpira ala nzima, ikawa haiingii mfukoni wala haitoki, inavuta kitambaa juu. Pete moja karibu na mdomo, moja karibu na ncha, basi. Na mafuta yasiiguse kamwe. Mpira ukionja samli unalegea na kuoza. Mambo haya unayajua. Usichokijua ni kwamba kila nilichokigundua Sefu alikuwa amekwisha kuniambia kwa sentensi moja, nami nikamsahihisha sentensi.

Wachinjaji wengine waliziona zile pete. Wakauliza. Wakaiga. Leo huwezi kukuta mchinjaji Goma asiye na "pete za Mwalimu" kwenye ala yake. Wewe mwenyewe umewaeleza wageni mara ngapi, "Ni papa alivumbua"? Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nanywa chai.

Nilimchukulia mguu wake, kazi yake, jina lake, na mwishoni nikachukua hata mpira wake msumarini. Kumbe ndiyo maana alisema ala usilete. Dereva mmoja atakuwa amemwonyesha pete za Mwalimu, naye akazigeuza mkononi na kuzitambua. Hakutuma tusi. Alituma maneno machache ambayo mtu mmoja tu duniani angeyaelewa, akayapitisha mbele ya mke wangu na mwanangu, na kuniachia nafasi ya kuyaeleza. Nami nikasema habari za ngozi ya Uganda.

Sasa kivuli cha Kiwanja. Mwaka wa nne baada ya Sefu kuondoka nilipanda lori kwenda kwake. Mama yako alidhani nakwenda kununua mbuzi. Nilifika Kiwanja, nikakaa pale ulipokaa sasa. Nilijitungia maneno. Niliyatunga vizuri, nikayapanga, nikayarekebisha, na yalivyozidi kuwa mazuri ndivyo nilivyozidi kujua kwamba sitayasema. Dereva alipiga honi. Nikamwambia tumbo linaniuma. Nilirudi Goma juu ya magunia ya maharagwe, na nilirudi na mbuzi mmoja, ili safari iwe na sababu.

Utauliza kwa nini nakutuma wewe. Ni haki yako. Ningekuwa na miguu ya kweli ningekaa nawe kwenye lori. Lakini kuna jambo moja siwezi kulivumilia, nalo si moto wa akhera, ambao nimeuhubiri sana na kuuogopa kidogo. Siwezi kuvumilia ushuke Bunagana, umpe mkono yule mzee mwenye kovu la meno yako, na moyoni unamwita Mikono ya Samli. Atakusoma usoni. Hajui alifu, lakini huo anausoma. Na atakushonea ala hata hivyo.

Fungua kifurushi. Kile kitambaa kilichofunga kisu ni mfuko wa kanzu yangu ya Idi ile. Nimeukata leo asubuhi, na mama yako ameniona. Ndani yake kuna kisu, na kuna ala ya zamani, ile ya fundi wa Maniema. Sikuipaka kitu miaka kumi na mitano. Bado inang'aa. Ala yako yenye pete nimeibakiza hapa, kwa maana aliyeagiza ameagiza.

Ijumaa, baada ya sala, wanaume watakaa kunywa kahawa. Mpe Sefu ala hii mkononi, kisha umsomee barua hii yote mbele yao, kwa sauti. Atakuambia, "Acha, mutoto, ile imepita." Usiache. Usifupishe. Pale nilipoandika maneno yake kama alivyoyasema, uyasome kama alivyoyasema. Na usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Sikukupa kazi hiyo, wala si mzigo wa kupakiwa mgongoni mwa mwana. Akinitukana, msikilize mpaka amalize. Akinyamaza, nyamaza naye. Akiuliza kama nimezeeka, mwambie ndiyo.

Wala usinidhanie ushujaa. Asubuhi hii nimewaambia wazee wa msikiti wetu kwamba Ijumaa baada ya sala nina neno. Hawajui neno gani. Wanadhani ni la kuaga kwako. Nimewaambia mapema kwa sababu nayajua matumbo yangu. Ijumaa ikifika nami nikaanza kuugua, basi wewe utakuwa umekwisha kusoma huko, na madereva hawanyamazi. Jumapili habari itakuwa imefika Goma bila mimi, nami sitakuwa na pa kuteleza. Ndivyo nilivyojifunga. Kamba nimekupa wewe.

Mama yako anauliza naandika nini kirefu hivi. Nitamsomea kabla ya magharibi. Yeye ndiye wa kwanza, kabla ya wazee, na wao nawaogopa kidogo kuliko yeye.

Jana ulicheka, Amisi, na sikukasirika. Kicheko kile nilikulisha mimi, kijiko kwa kijiko. Lakini leo unajua. Kuanzia Kiwanja hadi Bunagana una saa chache za kuamua utashuka ukiwa mtoto wa nani. Nami sitakuwapo kukusahihisha.

Mstari wa mwisho nimeuandika kwa herufi kubwa kidogo, ili sauti yako isikwame. Wasomee polepole, wakimtazama viganja:

Kamba ilikuwa mkononi mwa Sefu, na hakuiacha mpaka ilipomaliza ngozi ya viganja vyake. Samli ilikuwa kwenye ala yangu.

Baba yako